Mwendo, Madaha na Moyo: Dhana ya Ukakamavu kwa Wanariadha na Wacheza Ngoma katika Kiswahili

Utangulizi

Kijana anayesakata kabumbu jioni katika kiwanja cha mtaani na bibi anayejipanga na wenzake katika safu ya lelemama wanafanya, kwa mujibu wa Kiswahili, jambo moja: wote wawili wanacheza. Hata kitenzi kingine kikichukua nafasi hiyo, mathalani kusakata, nacho hukubali pande zote mbili, kwani rumba husakatwa na soka husakatwa. Kiingereza, Kifaransa na Kijerumani hutumia kitenzi kimoja kwa michezo na kingine kwa dansi. Kiswahili hakikuona haja hiyo, na mzungumzaji wake hupita kutoka mpirani hadi ngomani bila kuhisi kwamba amevuka mpaka.

Mhadhara huu unauchunguza msamiati ambao wazungumzaji wa Kiswahili hutumia kuusifu au kuulaumu mwili unaocheza. Hoja yake kuu ni kwamba msamiati huo unauona ubora wa mwanariadha na ubora wa mcheza ngoma kuwa ni stadi moja yenye nyuso tatu, yaani uwezo wa mwili, uzuri wa mwendo na uthabiti wa moyo. Nyuso hizo zinaweza kutajwa moja moja, lakini lugha haiziachi zikae mbalimbali kwa muda mrefu. Jambo hili lina uzito zaidi ya udadisi wa kileksika. Maadamu waandishi wa vitabu vya kiada, watangazaji wa michezo na waundaji wa istilahi wanaendelea kuutaja uwezo wa mwili kwa maneno mapya yaliyo finyu, kuna hatari kwamba kijana wa leo atafundishwa kuujenga mwili wake bila kufundishwa kwamba mwendo na moyo navyo hujengwa.

Kucheza na Mawanda Yake

Nomino mchezo na mchezaji zimetokana na kitenzi cheza. Ngoma, kwa upande wake, ni chombo kinachopigwa, ni uchezaji unaoandamana na mapigo yake, na ni shughuli nzima inayowakusanya watu. Hivyo basi, anayekwenda ngomani anakwenda mahali ambapo mwili, sauti na jamaa vimekutana. Methali isemayo mcheza kwao hutunzwa imejengwa juu ya maana hiyo. Kutunza hapa ni kumtuza mchezaji kwa fedha au kwa kitambaa mbele ya watu, lakini ni pia kumlinda na kumhifadhi. Anayecheza mbele ya walio wake huonwa, hupimwa na huenziwa kwa pamoja.

Neno mchezo lina upande mwingine ambao mtafiti mwaminifu hawezi kuuficha. Mchezo ni mzaha pia. Mtu akitaka kusema kwamba jambo ni zito husema si mchezo, na mzazi anayemwona mtoto hajali masomo humwambia aache mchezo. Lugha ile ile iliyowaweka wanariadha na wacheza ngoma katika kundi moja imewaweka pia karibu na watu wasio na shughuli. Wapo vijana wengi waliozuiwa kwenda mazoezini kwa sababu ya neno hilo moja, wazazi wao wakiamini kwamba kucheza ni kupoteza wakati. Kwa hiyo, ili kuielewa heshima ambayo Kiswahili kinampa mchezaji, haitoshi kuitazama nomino mchezo peke yake. Inabidi kuyatazama maneno yanayomzunguka mchezaji pale anapofanya vizuri.

Uwezo wa Mwili: Siha, Pumzi na Ukakamavu

Maneno ya msingi ni siha na afya, yote mawili yakiwa na asili ya Kiarabu, pamoja na nguvu na pumzi. Siha ni hali ya mwili kuwa mzima na imara. Nguvu ni uwezo wa kusukuma, kuinua au kupiga. Pumzi, ambayo ina uhusiano wa karibu na kitenzi pumua, ndicho kipimo cha ustahimilivu katika usemi wa kawaida: mkimbiaji hodari ana pumzi, na aliyeshindwa amekatika pumzi. Kitenzi pumzika, ambacho maana yake ni kuacha kazi kwa muda, kinabeba nomino hiyo hiyo ndani yake, kana kwamba mapumziko ni wakati wa kuirudisha pumzi iliyotumika. Elimu ya mwili inakubaliana na usemi huo kwa kiasi kikubwa. Mtu anayefanya mazoezi ya muda mrefu moyo wake huongezeka uwezo wa kusukuma damu kwa kila pigo, mishipa midogo ya damu huongezeka katika misuli, na misuli yenyewe hujifunza kuitumia oksijeni kwa wingi zaidi. Mapigo ya moyo anapopumzika hupungua, kwa sababu pigo moja sasa linafanya kazi iliyokuwa ikifanywa na zaidi ya moja.

Neno mazoezi limetokana na kitenzi zoea, kwa kiambishi kile kile kilichotupatia malezi kutoka lea na mapokezi kutoka pokea. Kufanya mazoezi, kwa asili ya neno, ni kujizoeza: kuufanya mwili uone jambo gumu kuwa la kawaida. Hakuna katika neno hilo dalili ya adhabu wala ya kipaji cha kuzaliwa nacho. Riadha nayo ina historia ya namna hiyo. Katika Kiarabu, riyadha inatokana na mzizi unaohusu kumfunza na kumtuliza mnyama, hususan farasi, na ilitumika pia kwa nidhamu ya nafsi miongoni mwa wacha Mungu. Kiswahili cha leo kimeifinya maana hiyo hadi kubaki mbio, miruko na mitupo, lakini mwanariadha yeyote anayeamka alfajiri kukimbia angali ameibeba maana ya zamani bila kuijua.

Neno linalostahili kutazamwa kwa makini zaidi ni ukakamavu. Kukakamaa ni kuwa mgumu, kama mwili unavyokaza misuli. Mkakamavu, hata hivyo, si mtu aliyekaza misuli tu. Ni mtu shupavu, mwenye bidii, asiyerudi nyuma. Nchini Tanzania mafunzo ya ukakamavu yamekuwa jina la kawaida la mazoezi ya gwaride, mbio na kuvuka vikwazo, na wanaoyapitia wanafahamu kwamba wanapimwa miili na nia kwa wakati mmoja. Pale ambapo mwandishi wa leo anaandika fitinesi, akimaanisha hali ya mwili peke yake, Kiswahili tayari kilikuwa na neno lililosema mengi zaidi.

Wacheza ngoma wanayo sehemu yao katika msamiati huu. Katika bugobogobo ya Wasukuma, ngoma iliyofungamana na kilimo cha pamoja, wachezaji hushika majembe, huyarusha hewani na kuyadaka kwa kufuata mapigo. Jembe ni zito, mzunguko wake hauwezi kukosewa, na aliye pembeni yuko karibu mno kwa kosa lolote. Hapo nguvu ya mkulima, wepesi wa jicho na utii kwa mapigo hufanya kazi pamoja. Methali isemayo ngoma ya watoto haikeshi hutumiwa kwa mambo mengi ya maisha, lakini msingi wake ni uchunguzi wa mwili: kukesha ngomani kunahitaji pumzi iliyokomaa na akili inayojua kuigawa nguvu mpaka alfajiri. Mtoto huanza kwa kasi na kuishia usingizini.

Uzuri wa Mwendo: Madaha na Majirani Zake

Madaha ni uzuri wa namna mtu anavyojiendesha: anavyotembea, anavyogeuka, anavyoinua mkono. Neno hili lina majirani ambao wasomi wa semantiki watawaona kuwa wamepangwa katika ngazi. Madaha kwa kawaida husifiwa. Maringo huanza kuingiza kiburi. Mikogo ni kujionyesha waziwazi. Mbwembwe ni mapambo yanayozidi kile kinachohitajika. Harakati ya mwili inaweza kuwa moja katika hali zote nne, na kinachobadilika ni hukumu ya mtazamaji kuhusu iwapo uzuri huo unalitumikia tendo au unalichelewesha. Mashabiki wa soka wanaijua ngazi hii bila kuifundishwa. Mchezaji akipiga chenga tatu na kutoa pasi ya bao, wamesifu madaha yake. Akipiga chenga tatu na kunyang'anywa mpira, zile zile zimekuwa mbwembwe.

Chenga inafaa kuchunguzwa kwa sababu inaonyesha jinsi ngoma na mpira zilivyo jirani. Mpigaji chenga huyapeleka mabega upande mmoja, mpinzani akahamishia uzito wake huko, kisha kiuno na miguu vikaenda upande wa pili. Siri iko kiunoni, mahali ambapo sehemu ya juu ya mwili inaweza kutengana na ya chini bila kupoteza urari. Ustadi huo huo ndio moyo wa ngoma nyingi za Afrika Mashariki. Katika sindimba ya Wamakonde, magoti hukunjwa, kitovu cha uzito hushuka karibu na ardhi, na kiuno hupata uhuru wa kwenda haraka wakati kifua kimetulia. Mcheza ngoma anayefuata pigo moja kwa miguu na jingine kwa kiuno anafanya kazi ngumu ya neva na misuli, na hawezi kuifanya bila mazoezi ya muda mrefu. Wanenguaji wa bendi za dansi nchini Tanzania wameishi kwa ustadi huo, ingawa ni nadra kutajwa pamoja na wanamichezo.

Aidha, ingekuwa kosa kudhani kwamba siha ya mcheza ngoma huonekana katika kasi tu. Lelemama, ngoma ya wanawake wa pwani, huchezwa kwa utulivu: wanawake husimama katika safu, na mikono na miili yao husogea kidogo kidogo kwa pamoja. Mtazamaji mgeni anaweza kuona kwamba hakuna kazi kubwa inayofanyika. Kusimama wima kwa muda mrefu, kuuzuia mwili usizidishe wala usipunguze, na kulingana na safu nzima, ni kazi inayochosha misuli ya mgongo na ya mapaja kwa namna ambayo aliyezoea kuruka huenda asiiweze. Washairi wa Kiswahili husema juu ya urari wa vina na mizani. Safu ya lelemama ina urari wake, na mmoja akiteleza, beti zima limeharibika.

Kwa mwanariadha, madaha yana faida inayopimika. Kila harakati isiyo ya lazima, kama vile mabega yaliyopandishwa, ngumi zilizofumbwa kwa nguvu au uso uliokunjamana, hutumia nguvu ambayo ingeweza kupelekwa miguuni. Tarehe 12 Oktoba 2019, mjini Vienna, Eliud Kipchoge wa Kenya alikimbia kilomita 42.195 kwa saa 1, dakika 59 na sekunde 40. Muda huo haukuingizwa katika rekodi rasmi kwa sababu mbio ziliandaliwa kwa utaratibu maalumu, wenye wasindikizaji wa kupokezana. Jambo lililowavutia wengi, mbali na muda, lilikuwa ulaini wa mwendo wake na uso wake mtulivu, wakati mwingine wenye tabasamu, katika sehemu ngumu za safari. Kipchoge mwenyewe amewahi kueleza kwamba tabasamu humsaidia kuutuliza mwili unapoumia. Msemaji wa Kiswahili angeliweza kuiita hali hiyo madaha na asikosee.

Uthabiti wa Moyo

Katika Kiswahili, ujasiri na kukata tamaa vyote huishi moyoni. Mtu hutiwa moyo, huvunjika moyo, hufa moyo au hupiga moyo konde. Usemi huu wa mwisho una sura ya mchezo ndani yake: konde ni ngumi, na anayepiga moyo konde anajipiga mwenyewe ili asirudi nyuma. Kitenzi jikaza, chenye kiambishi cha kujirejea, kinasema jambo la karibu na hilo. Ni mtu anayejikaza kama anavyokaza kamba, akiwa mkazaji na mkazwaji kwa wakati mmoja. Ikumbukwe pia kwamba moyo huo huo ndio ogani inayosukuma damu, kwa hiyo asemaye kwamba mkimbiaji ana moyo amesema mambo mawili kwa neno moja.

Riadha ya Tanzania ina mifano miwili inayoonyesha kwamba moyo huwa na sura zaidi ya moja. Wa kwanza ni wa Filbert Bayi katika Michezo ya Jumuiya ya Madola iliyofanyika Christchurch, New Zealand, mwaka 1974. Katika fainali ya mita 1500, Bayi alishika uongozi tangu mwanzo na hakuuachia mpaka mwisho, akamaliza kwa dakika 3 na sekunde 32.16, ambayo ilikuwa rekodi mpya ya dunia. John Walker wa New Zealand, aliyekuwa wa pili, naye alikimbia chini ya rekodi ya zamani. Kuongoza tangu mwanzo ni jambo la hatari. Aliye mbele hana mgongo wa kujikinga nao upepo, hana mtu wa kumwekea kasi, na hawaoni wanaomfukuza. Lazima aiamini hesabu aliyoifanya kichwani kabla ya mlio wa bastola. Huu ni moyo wa kuthubutu.

Wa pili ni wa John Stephen Akhwari katika marathoni ya Michezo ya Olimpiki ya Mexico City, tarehe 20 Oktoba 1968. Akhwari alianguka njiani, akajeruhiwa goti na bega. Mji ule uko kwenye mwinuko wa mita 2,240 hivi juu ya usawa wa bahari, ambako hewa ina oksijeni haba, na kati ya wakimbiaji 75 walioanza ni 57 tu waliomaliza. Akhwari alikuwa wa 57. Aliingia uwanjani giza likiwa limeingia, mguu umefungwa bendeji, baada ya saa 3, dakika 25 na sekunde 27, zaidi ya saa moja baada ya mshindi, Mamo Wolde wa Ethiopia. Jibu linalonasibishwa naye, kwamba nchi yake ilimtuma kumaliza mbio wala haikumtuma kuzianza tu, limezunguka dunia nzima. Kwa kipimo cha saa, alishindwa. Huu ni moyo wa stahamala, na Watanzania wamemkumbuka kwa huo kuliko walivyowakumbuka wengi waliomtangulia siku ile.

Mcheza ngoma anahitaji moyo wa namna ya tatu. Adui yake mkuu ni macho ya watu. Utamaduni wa Waswahili unaithamini haya, na mtu asiye na haya hudharauliwa, lakini anayeshindwa na haya hawezi kuingia uwanjani. Mchezaji hana budi kuituliza haya bila kuifukuza, ili acheze kwa uhuru na abaki na heshima yake. Vyama vya beni, vilivyoanza katika miji ya pwani mwishoni mwa karne ya 19 na kuenea bara wakati wa Vita Vikuu vya Kwanza na baada yake, viliujenga moyo huo kwa nidhamu ya pamoja. Wanachama waliiga gwaride na bendi za kijeshi, walikuwa na vyeo na sare, na walishindana na vyama pinzani mbele ya mji mzima. Aliyekosea hatua aliaibisha chama chake. Katika beni, gwaride lilikuwa ngoma na ngoma ilikuwa gwaride, jambo linalotukumbusha tena kwamba mipaka inayochorwa leo haikuwapo daima.

Mwendo na Mwenendo

Nyuso hizi tatu zinakutana katika neno mwendo. Kutokana na kitenzi enda, mwendo ni kasi, kama mtu asemapo kwamba gari lina mwendo mkali. Ni pia namna ya kutembea, kama katika mwendo wa madaha. Ukizidishwa silabi moja unakuwa mwenendo, yaani tabia ya mtu katika maisha. Kasi ya mwanariadha, uzuri wa mcheza ngoma na maadili ya mwanadamu vimetoka katika mzizi mmoja. Mzee anayesema kwamba kijana fulani ana mwendo mzuri huenda anaisifu miguu yake, na huenda anaisifu tabia yake. Mara nyingi msikilizaji haoni haja ya kuuliza.

Hata hivyo, hoja hii ina mipaka yake. Neno kuwa na maana nyingi hakuthibitishi kwamba wazungumzaji wake huzichanganya maana hizo, na hakuna Mswahili anayedhani kwamba mkimbiaji mwepesi lazima awe mwadilifu. Maneno hayafikiri kwa niaba ya watu. Linaloweza kusemwa kwa uhakika ni dogo zaidi, lakini lina manufaa: lugha imeuweka msamiati huu mahali pamoja, ikamwachia mwalimu njia fupi ya kutoka mwilini kwenda moyoni. Mwalimu anayesema ukakamavu amekwisha kuanza somo la nia. Anayesema fitinesi atalazimika kulianza upya.

Hitimisho

Watunga mtaala wa shule za msingi nchini Tanzania katika miaka ya 2000 waliliita somo moja Haiba na Michezo. Jina hilo lilikuwa ndani ya mkondo unaoelezwa hapa, kwani liliiunganisha sura ya mtu mbele ya wenzake na kazi ya mwili wake. Hoja ya mhadhara huu inadai hatua zaidi za aina hiyo. Kwanza, wanaleksikografia hawana budi kuyakusanya maneno ya uwanjani na ya ngomani pamoja, wakionyesha ngazi za hukumu zilizomo katika madaha, maringo, mikogo na mbwembwe, badala ya kuyaeleza kana kwamba ni visawe. Pili, wanaistilahi wanaotafuta neno la hali ya mwili waanze na ukakamavu, siha na pumzi kabla ya kukopa. Kukopa si dhambi, kwani siha na riadha zenyewe zilikopwa, lakini mkopo unaolifukuza neno pana na kuliweka jembamba ni hasara. Tatu, walimu wa riadha na walimu wa ngoma watazamane kama watu wa fani moja, maana mkimbiaji ana mengi ya kujifunza kutoka kwa kiuno cha mcheza sindimba, na mcheza ngoma ana haki ya kutunzwa misuli na viungo vyake kama mwanariadha.

Mzazi atakayemwambia mtoto aache mchezo ataendelea kuwapo, na wakati mwingine atakuwa na sababu. Akijua kwamba mchezo humfundisha mtoto kuigawa pumzi, kuutawala mwili na kupiga moyo konde, huenda atabadili amri yake kidogo, na badala ya kumwambia aache, amwambie acheze vizuri.